Mchana Mahekalu, Jioni Ngoma: Safari ya Misri

Ijumaa, Cairo

Tumetua alasiri, na baridi ya Januari imetulazimisha kufungua mabegi pale pale uwanja wa ndege na kutoa masweta. Kikundi chetu ni mchanganyiko: walimu wa ngoma wa Mombasa na Kwale, akina dada wa chakacha kutoka Mji wa Kale, kijana wa Mwanza aliyelelewa kwenye ngoma za Kisukuma, na Babu wa Lamu, mcheza kirumbizi, ile ngoma ya fimbo, wa miaka mingi, ambaye Wamisri wameanza kumwita "ya hagg", yaani ewe haji, hata kabla hajapata mzigo wake.

Mpango ni mchana mahekalu, jioni darasa la ngoma za kienyeji. Niliupigania tangu vikao vya mwanzo, maana wapo waliotaka tutembee, tupige picha, turudi. Hoja yangu ilikuwa kwamba hekalu la Misri ukilitazama kama jengo kimya umeliona nusu. Waliolijenga walikusudia miungu yao ichezewe, iimbiwe na itembezwe kwa shangwe, na ushahidi wameuchonga ukutani. Mtu aliyetoka darasani jana yake na misuli inamuuma huzitazama kuta hizo kwa jicho jingine.

Mkalimani wetu ni kijana wa Kwale anayesoma Al-Azhar. Kiarabu chake cha Cairo kimenyooka, na haoni taabu kubishana bei na madereva. Tumekula koshari, tukalala.

Jumamosi, Giza na Cairo

Piramidi ya Khufu ilikuwa na kimo cha mita 146 ilipokamilika. Sasa ni kama 138. Tumeizunguka kwa miguu, upepo ukitupiga mchanga usoni, na kufikia adhuhuri watu walikuwa wanaulizana darasa linaanza saa ngapi.

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya pili, sakafu ya mbao, vioo upande mmoja. Mwalimu amecheza na vikundi vya jukwaani karibu maisha yake yote. Tulimwita Kabtin, kama wanafunzi wake wamwitavyo. Kabla hatujainua mguu alitukalisha chini akatueleza habari za Mahmoud Reda, mwanajimnastiki aliyeiwakilisha Misri kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952. Mwaka 1959 yeye na kaka yake Ali walianzisha kikundi cha Reda, pamoja na Farida Fahmy, mchezaji wao mkuu. Siku hizo familia nyingi zenye heshima zao zisingekubali binti yao apande jukwaani. Baba yake Farida, profesa wa uhandisi, alisimama na binti yake, na hilo peke yake lilibadilisha mengi. Reda alizunguka mikoani kuwatazama wakulima, wavuvi na watu wa Said, yaani Misri ya kusini, kisha akatunga michezo ya jukwaani kutokana na aliyoyaona. Alifariki mwaka 2020.

"Ninachowafundisha ni cha jukwaani," Kabtin akasema. "Kimetungwa na watu niliowaona kwa macho yangu. Msiende kwenu mkasema hii ndiyo ngoma ya mafirauni."

Nilimpenda kwa maneno hayo. Kwetu pia wako wanaouzia watalii ngoma ya juzi kwa jina la mababu.

Kisha tukasimama. Mdundo wa Said tuliujifunza kwa mdomo kwanza: dum tak, dum dum tak. Hizo dum mbili za katikati ndizo zinazoubeba mdundo wote, na hapo kisigino lazima kishuke kwa uzito. Wanawake tulipewa fimbo nyembamba zenye kipete cha kushikia, tukafundishwa kuizungusha kwa kifundo cha mkono huku bega limetulia. Dada zetu wa chakacha kiuno kiliwatii mara moja. Kifundo cha mkono ndicho kilichogoma. Kabtin alisema fimbo hii ya wanawake imezaliwa kutokana na mchezo wa wanaume wa huko kusini uitwao tahtib, na tutauona wenyewe tukifika Luxor. Babu aliketi kwenye benchi bila kusema neno. Nilimwona anahesabu kwa vidole.

Usiku tulikwenda Wikala ya al-Ghouri, jengo la wafanyabiashara la miaka ya 1504 na 1505, kutazama tanura, ngoma ya sketi pana. Mchezaji huzunguka mahali pamoja kwa muda ambao mtu wa kawaida angekwisha anguka, kisha hufungua sketi ya juu na kuipandisha juu ya kichwa huku ile ya chini bado imetanda. Asili yake ni duru za masufi. Mbele ya watalii imekuwa maonyesho, lakini mpiga tari mmoja alikuwa amefumba macho kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na sidhani kama alikuwa anatuchezea sisi.

Jumapili, Saqqara

Piramidi ya ngazi ya Djoser, iliyojengwa kiasi cha mwaka 2650 KK, ndiyo inayowaleta watu hapa. Sisi tuliipita haraka, tukaingia kaburi la Kagemni, waziri wa mfalme Teti wa nasaba ya 6.

Wachezaji wako ukutani. Wanawake wamejipinda kwa nyuma, mguu mmoja umerushwa juu, nywele zinaning'inia. Nilisogea mpaka mlinzi akanisogelea na yeye. Kilichonishika ni mguu wa chini. Mchongaji hakuuchora mguu wa kusimamia tu. Uzito umeegemea pale unapotakiwa kuegemea mwili ukienda nyuma. Yule mchongaji aliwahi kuwatazama wachezaji kwa makini, labda zaidi ya mara moja. Dada mmoja alijaribu mkao ule nje, kwenye mchanga, sisi tukimshika mgongoni, akasema misuli ya tumbo inawaka moto. Katika makaburi ya enzi hiyo, pembeni ya wachezaji mara nyingi huwapo wanawake wanaopiga makofi, kwa hiyo hata mdundo wameuacha. Sauti yenyewe tu ndiyo haimo.

Karibu na hapa ni Abusir, penye piramidi ya Sahure, ambako zimepatikana picha za kale kabisa za watu wakicheza kwa fimbo. Tulipata muda wa kuonyeshwa upande wake kwa mbali, tukapanda basi.

Jioni darasa lilikuwa la ngoma ya wakulima wa Delta ya Nile, mtungi wa maji kichwani. Ukizoea kubeba ndoo huna la kuogopa.

Jumatatu, Luxor

Tumefika kwa ndege ya alfajiri na kwenda moja kwa moja Karnak. Ukumbi mkubwa una nguzo 134, zile 12 za katikati zikiwa na kimo cha kama mita 21. Shingo inachoka. Lakini mimi nilitaka kufika kwenye makumbusho ya uwanjani, palipo kihekalu kiitwacho Kanisa Jekundu, cha Hatshepsut, mwanamke aliyetawala kama firauni. Vitalu vyake vilibomolewa zamani na kutumika kujazia lango jingine. Wataalamu wakavitoa na kuvipanga upya. Humo wako wanawake wa sarakasi wamejipinda mpaka mikono inagusa ardhi, mpiga kinubi yuko pembeni yao, na mashua ya mungu Amun inapita imebebwa mabegani na makuhani.

Jioni tukaenda hekalu la Luxor, na hapo kila kitu kikaungana. Kuta za ule ujia mrefu wa nguzo zilichongwa wakati wa Tutankhamun, nazo zinaonyesha sikukuu ya Opet tangu mwanzo hadi mwisho: miungu Amun, Mut na Khonsu wanatoka Karnak kwa mashua kuja hapa, kisha wanarudi. Wako wanaovuta kamba, wapiga ngoma, wanawake wanaotikisa vifaa viitwavyo sistra, na wachezaji wale wale waliojipinda nyuma. Ni mtaa mzima uko barabarani. Kijana wa Mwanza alitembea ukuta wote akipiga mdundo pajani, kisha akarudi tena kuanzia mwanzo.

Ndani ya uwanja wa Ramesses II umesimama msikiti wa Abu Haggag, bado unasaliwa. Mlango wake mmoja unaning'inia juu kabisa ya sakafu, kwa kuwa msikiti ulijengwa wakati hekalu limefukiwa na udongo. Kila mwaka katika mwezi wa Shaaban hufanyika maulidi ya walii huyo: mashua hutembezwa mitaani juu ya magari, farasi hukimbizwa, na wanaume hucheza fimbo. Wengi huona hapo kivuli cha Opet. Babu aliposikia hayo akauliza mara mbili kama ni kweli, maana Maulidi ya Lamu nayo yana mashindano ya punda na ya majahazi, na kirumbizi haikosekani.

"Hawa ni watu wetu," akasema, akaingia kuswali magharibi.

Jumanne, Dendera

Kama ningepewa hekalu moja tu la kuliona maishani, ningechagua hili. Liko karibu na Qena, kama kilomita 60 kaskazini mwa Luxor, na ni la Hathor, mungu wa kike wa muziki, ngoma, mapenzi na furaha. Tulikwenda kwake kama watu wa kazi hiyo hiyo.

Nguzo 24 za ukumbi wa mbele zina uso wa Hathor kila upande, na juu ya uso umbo la sistra, kile kifaa cha kutikisa chenye vyuma vinavyopita kwenye fremu. Wakristo wa Ethiopia wanakitumia kanisani hadi leo. Nyuso nyingi zimechokolewa na watu wa zama za baadaye, lakini dari limesafishwa masizi miaka ya karibuni, na buluu iliyojitokeza inashangaza. Tulilala chali sakafuni kuitazama mpaka mlinzi akatuinua.

Mwongozaji alitueleza kwamba humu umechongwa wimbo ambamo mfalme mwenyewe anakuja kumchezea Hathor na kumwimbia, na mungu anaombwa atazame jinsi anavyocheza. Mfalme wa Misri, aliyechorwa kila mahali akiwa mkubwa kuliko watu wote, hapa anaomba atazamwe akicheza! Tulinyamaza. Walimu wa ngoma tumezoea kuambiwa na wazazi kwamba tunawapotezea watoto muda wa masomo, na wala sioni aibu kusema kwamba machozi yalinilengalenga.

Kuna ngazi mbili za kwenda juu ya paa, moja ya kuzunguka na nyingine ya kunyooka, na kuta zake zote zimechongwa msafara wa makuhani waliopandisha sanamu ya Hathor akutane na jua siku ya mwaka mpya. Vidato vimelika mpaka vinaonekana kama sabuni iliyotumika. Tulipanda kwa mstari, na bila mtu kuamuru, miguu ikaanza kwenda pamoja. Ukipanda ngazi ile huku makuhani wa ukutani wanapanda nawe bega kwa bega, huwezi kwenda kivyako.

Nje, kwenye nyumba ya uzazi, mungu Bes, kibeti, amechongwa na ulimi nje, mlinzi wa watoto na wazazi. Darasa la jioni tulilifanya kwa sagat, vile visahani vya shaba vya vidoleni. Kelele tupu, lakini za furaha.

Jumatano, ng'ambo ya magharibi

Asubuhi Deir el-Bahari, hekalu la Hatshepsut. Ukuta wa safari ya Punt, nchi ya kale ya ubani, umefifia, ila bado unaonekana: nyumba juu ya nguzo zenye ngazi, miti ya ubani ikibebwa na mizizi yake kwenye vikapu, nyani, na chini ya merikebu samaki wa baharini. Wataalamu wengi huielekeza Punt kwenye Pembe ya Afrika na pwani ya Bahari ya Shamu. Mmoja wetu alitaka kuisogeza hadi Lamu, na mkalimani akamkatalia kwa adabu. Tuache Punt mahali ushahidi unapoiweka. Ubani unaochomwa kwenye harusi zetu wenyewe unatoka pande hizo, na undugu huo unatosha.

Baada ya alasiri tukaingia kijijini kuonana na mzee wa tahtib. Mchezo huu uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2016, lakini hapa hawakusubiri orodha. Uwanja ulikuwa nyuma ya shamba la miwa, vumbi limenyunyiziwa maji. Wapiga mizmar walisimama upande mmoja, mashavu yamevimba, pumzi haikatiki, na mwenye tabla baladi amelivaa begani kwa mkanda, fimbo nzito mkono mmoja na nyembamba mkono wa pili. Sauti ilipotoka tu Babu akasimama. Ile ni sauti ya zumari.

Fimbo ya tahtib inafika kifuani, nene kiasi cha kidole gumba na zaidi. Wachezaji wawili huanza kwa kusalimiana, hiyo hairukwi, kisha huzungukana huku kila mmoja anaizungusha fimbo juu ya kichwa. Wanazunguka, wanazunguka, huoni chochote, halafu mmoja anaruka ndani na fimbo yake inasimama juu ya kilemba cha mwenzake. Anayegusa kichwa ndiye mshindi. Nguvu yote ni ya kuzuia: fimbo huja kwa kasi ya kuvunja fuvu na kufika kwa wepesi wa kuondoa mdudu.

Mzee wa pale alimtazama Babu, akamtupia fimbo. Babu akavua viatu, akapandisha kikoi.

Walisalimiana. Mwanzoni kila mmoja alicheza lugha yake. Babu alitaka fimbo zigongane kwa mdundo, kama ilivyo kirumbizi. Mwenzake aliikwepesha, anavizia. Mara mbili fimbo ya mzee ilisimama juu ya kofia ya Babu, na vijana wa kijiji wakapiga kelele. Halafu Babu akafanya kitu nilichowahi kukiona Shela harusini: akapiga magoti nusu, kama anayeokota kitu, akainuka kwa upande. Fimbo yake ikatua begani mwa mzee, ikapanda taratibu mpaka kwenye kilemba. Wapiga mizmar wenyewe walicheka mpaka pumzi zikawakatika.

Wakakumbatiana. Mkalimani alitaka kutafsiri waliyokuwa wanaambiana, wote wawili wakampungia mkono aache. Baadaye, chai ikiwa mezani, mzee alieleza jinsi anavyofundisha: mtoto hukaa muda mrefu akizungusha fimbo peke yake kabla ya kuruhusiwa kusimama mbele ya mtu, na mwenye hasira hatolewi uwanjani kwa kelele, hunyimwa fimbo tu. Babu alisema ndivyo alivyofundishwa na yeye. Wanawake hatukucheza, pale si mchezo wa wanawake, na tulikuwa wageni. Tuliruhusiwa kurekodi, nasi tulirekodi kila hatua, mikono kwa karibu na miguu kwa karibu.

Alhamisi, njiani

Edfu asubuhi, Kom Ombo mchana. La Edfu ni hekalu la Horus, limehifadhika kuliko karibu yote tuliyoyaona, na siku nyingine ningeandika zaidi. Basi lilipokaribia Kom Ombo mkalimani alituonyesha vijiji vya Wanubi waliohamishwa kutoka makwao mwaka 1963 na 1964, kabla ya maji ya Bwawa Kuu la Aswan. Watu kama 50,000 waliacha mto, mitende na makaburi ya wazee wao. Vijiji vyenyewe viko mbali na maji.

Ijumaa, Aswan

Tulipanda mlima wa Qubbet el-Hawa mapema, kabla ya sala ya Ijumaa. Mbele ya kaburi la Harkhuf, ofisa wa mfalme, imechongwa barua aliyoandikiwa na mfalme Pepi II, aliyekuwa bado mtoto, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Harkhuf alikuwa anarudi kutoka kusini, na katika msafara wake alikuwamo mtu mfupi ajuaye ngoma za miungu. Mfalme anaagiza aletwe upesi. Awekewe watu wa kumlinda asianguke majini. Usiku akaguliwe mara kumi. Anasema anatamani kumwona kuliko mali zote za Sinai na Punt.

Watu huisoma kwa tabasamu, kwa vile ni barua ya mtoto mwenye hamu. Mimi ilinichoma. Tunalijua jina la mfalme, tunalijua jina la aliyemleta, na mchezaji mwenyewe, aliyechukuliwa kwao kwa ajili ya ngoma yake, jina lake halikuandikwa.

Alasiri Philae, hekalu la Isis lililobomolewa kitalu kwa kitalu na kujengwa upya kisiwa cha Agilkia, likafunguliwa tena mwaka 1980. Hapa ndipo ulipo mwandiko wa mwisho wa hieroglifu wenye tarehe inayojulikana, wa mwaka 394. Katika hekalu dogo la Hathor, Bes anapiga kinubi na tari, na nyani anapiga zeze. Dada zetu walipiga vigelegele, mwangwi ukarudi kutoka majini.

Jumamosi, Gharb Soheil

Darasa la ngoma ya Wanubi lilifanyika uani, nyumba ya buluu na njano, mwalimu akiwa mama mmoja mwenye jarjar, vazi jeusi refu linaloburuta nyuma yake na kufuta nyayo mchangani. Ngoma ni aragid. Baada ya fimbo za Said, hii ni utulivu: safu ndefu, bega kwa bega, hatua ndogo mbele na nyuma, mwili unayumba pamoja. Kazi kubwa iko kwenye makofi. Kundi moja linapiga juu ya mdundo wa tari, jingine linaingia katikati, na ukimsikiliza jirani yako umepotea. Mama alitutenganisha, akatuunganisha, akatutenganisha tena mpaka makofi yakakaa.

Wazazi wake walizaliwa kijiji kilicho chini ya ziwa. Aragid aliifunzwa Kom Ombo na bibi aliyekataa kucheza ameelekea upande wowote isipokuwa kusini. Kijana wa Mwanza alimwambia kwamba sehemu ya maji ya mto huu yanatoka ziwa la kwao. Mama akamjibu kwamba basi anapaswa kujua makofi vizuri kuliko wote, akamweka mstari wa mbele.

Chakula kilikuwa samaki na molokhia, mlenda wetu huu huu. Baada ya hapo wanaume walitoka, dada zetu wakawaonyesha chakacha, na mama wa Kinubi akajifunga leso kiunoni bila kuombwa mara mbili.

Jumapili, Abu Simbel

Kutoka Aswan saa kumi alfajiri, karibu kilomita 280 za jangwa. Sanamu za Ramesses II zina kimo cha kama mita 20, na kati ya 1964 na 1968 mahekalu yote mawili yalikatwa vipande na kupandishwa juu zaidi ya mita 60. Dunia ilichanga fedha na wahandisi kuokoa mawe haya, na ilifanya vyema. Vijiji vya akina mama wa jana havikupata mchango kama huo. Nimesimama pale nikiyafikiria yote mawili, na sikuweza kuliacha moja ili nifurahie jingine.

Tulikaa zaidi kwenye hekalu dogo la Nefertari, ambako malkia anamtolea Hathor maua na sistra, na nguzo zimebeba uso ule ule tuliouona Dendera.

Ndani ya basi la kurudi tulifanya kikao. Tumekubaliana kwamba rekodi za Luxor zitazamwe na wazee wa kirumbizi wa Lamu na Pate kabla hazijaonyeshwa kwa mtu mwingine, na kwamba wazee hao nao warekodiwe vivyo hivyo, mikono na miguu kwa karibu, kila mmoja kwa jina lake kamili. Babu ameomba aanze yeye.